Wingu Tulilodhani ni Wadudu

Redio ilisema kutakuwa na baridi asubuhi, mawingu machache, jua mchana, mvua hakuna. Ilisema hivyo kwa Musoma mjini na kwa mkoa wote. Huo ndio utabiri wa kwetu mwezi wa sita na wa saba kila mwaka, hata mtu asiye na redio anaweza kuutoa. Marehemu mume wangu alikuwaga anausikiliza hivyohivyo kila jioni, ameinamisha kichwa, na mtangazaji akimaliza anamjibu, "Haya, tumesikia." Juma lile alikuwa ameshazikwa. Redio waliiwasha shemeji zangu waliokaa nje motoni. Mtangazaji alipomaliza hakujibiwa na mtu, wakaizima.

Mimi nilikuwa mlangoni nimejifunika shuka. Sikulia. Watu walinitazama waone kama nitalia, nikawaona wananitazama, basi. Ukikalia mguu muda mrefu unakufa ganzi, unaugusa kwa mkono unaona ni kama mguu wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilikuwa nasikia baridi, lakini kama naambiwa habari ya baridi.

Nitaeleza watu wa habari hii. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya baba zao, na ya watoto waliokufa wadogo ambao mama zao wenyewe wameacha kuwataja. Sitayaandika. Nitasema wifi, yaani dada yake mume wangu, mkubwa wa ule mji wote, yaani boma la ukoo. Nitasema mwenzangu, yaani mke mdogo, niliyeletewa nikiwa tayari na watoto wanne. Na watoto wangu wawili waliobaki: wa kiume yuko Kigera, Musoma mjini, wa kike ameolewa Bunda. Mji wetu sisi uko Kiriba, upande wa ziwani. Mimi mwenyewe nimezaliwa Butiama, kule milimani, na kwa watu wa Kiriba nimebaki mtu wa milimani mpaka leo, na meno yameisha.

Sasa, ukoo wa mume wangu una desturi yake. Siku ya kumaliza msiba, ugali wa kwanza unapikwa kwa udaga, yaani mihogo iliyovundikwa ikakaushwa, ambao mjane ameuanika mwenyewe baada ya mazishi, mihogo ya shamba lake. Si wa kununua, si ule uliokuwemo ghalani. Ule wa ghalani wanauita wa marehemu. Kama wajane ni wawili, kila mmoja na wake, na hauchanganywi. Mjane anauleta ugali mwenyewe, wifi anaumega, na akishaumega imeonekana kwamba jiko lile bado lina moto. Mwanamke anabaki na nyumba yake na shamba lake. Asiyekuwa na unga hawamfukuzi kwa fimbo. Wanamwambia kwa upole, nenda kapumzike kwa watoto wako. Nimeshuhudia mmoja akiambiwa hivyo. Alikwenda kupumzika Bunda, tukaenda kumzika hukohuko.

Kwa hiyo watu wote wa mji wetu walijua kwamba mihogo yangu ikikauka nabaki, isipokauka naondoka.

Kijana wangu wa Kigera yeye aliona afadhali niondoke. "Mama, kule bomba liko ndani ya nyumba," aliniambia. "Unafungua tu." Binti yangu naye alikuwa na chumba Bunda ameshakipiga chokaa. Ungeniuliza siku zile nataka nini ningekuambia sijui. Nilimenya mihogo kwa sababu nilishikishwa kisu.

Tuliing'oa, tukaimenya, tukairundika pembeni mwa nyumba na kuifunika majani ya mgomba ili ivunde. Kwenye joto mihogo haikawii. Kwenye baridi inakaa tu, ukifunua unaikuta kama ulivyoiacha. Ya mwenzangu, aliyeanza kabla yangu, ilishaota ule ukungu wake, akaukwangua, akaiponda, akaanika. Yangu ilichelewa. Kila asubuhi wifi alifunua majani, akaingiza kidole, akafunika.

"Wifi, mihogo yako imelala kama wewe," alisema.



Usiku wanawake wa ukoo walilala ndani kwangu, wamejipanga sakafuni kwenye mikeka toka mlangoni mpaka ukutani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Alfajiri moja nikaamka nina maji usoni. Nikadhani nimelia usingizini hatimaye. Nikasikia tone jingine, likanipata shingoni. Bati lilikuwa linadondosha.

"Bati limetoboka," nikasema. "Mvua inanyesha."

"Hakuna mvua, mama," akasema binti yangu, aliyelala pembeni yangu. "Nje kukavu. Hizo ni pumzi zetu."

"Pumzi?"

"Tuko wengi humu ndani. Tunapumua, ule mvuke unapanda juu, bati ni la baridi, ukiligusa unageuka maji." Akanifuta kwa kanga. "Na mawingu ndiyo yanatengenezwa hivyohivyo. Jua linapasha ziwa, mvuke unapanda, ukifika juu kwenye baridi unageuka vitone vidogovidogo. Vikikaa pamoja ndiyo wingu. Vikiwa vizito vinaanguka."

Mwanamke mmoja upande wa mlangoni akasema, "Basi sisi hapa tumeshakuwa ziwa. Nani amekoroma akaleta mvua yote hii?"

"Wewe!" wakamwambia wengi kwa pamoja, wakacheka chinichini, kisha wakakumbuka wako msibani.

Mimi nililala nikitazama juu. Kulikuwa bado na giza lakini bati lilianza kuonekana, na vile vitone vimejipanga kufuata mikunjo yake. Nilifikiri, kuna pumzi za watu wote humu ila yake. Nilifikiri hivyo, na nikangoja nione kama kitauma. Hakikuuma.

Nikiwa mtoto Butiama mawingu tuliyapokea yakiwa yameshakua. Asubuhi mbingu nyeupe, mchana yanatokea upande wa ziwani, makubwa, yameshiba, yanapita juu ya kilima cha Mwitongo na kwenda zake, au yanatumwagia. Hatukujua yametoka wapi, tulijua tu yanakotokea. Nilipoolewa Kiriba ndiyo nikaona yakizaliwa. Unakaa nje, ziwa liko pale chini, hakuna kitu. Unageuka kumwita mtoto, ukirudi kuna kitambaa cheupe juu ya maji, hakijashikwa na chochote. Miaka ya kwanza nilikuwa naacha kazi nikitazama. Mama mkwe akasema mwanawe ameoa mwanamke anayechunga mbingu.

Mihogo yangu ilivunda hatimaye. Nikaiponda, nikaianika kwenye mwamba wangu.

Mwamba huo nao una habari yake. Nyuma ya mji wetu kuna miamba miwili mikubwa mipana, imelala kama mikeka. Mwamba ukishika jua unaanika kuliko kitu chochote, na usiku unabaki na joto, ndiyo maana siku za baridi kila mtu anaugombania. Mwenzangu alipoletwa tulipigana kwa ajili ya ule wa juu, tukashikana nywele mchana kweupe. Mume wangu alitugawia miamba kabla hajatugawia mashamba. Wa juu ukawa wangu, wa chini wake. Tangu hapo mguu wangu haujakanyaga wa chini, na wa kwake haujakanyaga wa juu, labda kumfukuza kuku.

Mwenzangu alishauondoa udaga wake, umekauka mpaka unagonga, yuko nao ndani kwenye viroba. Wangu ulikuwa umebakiza jua kidogo. Redio ilisema vilevile: baridi asubuhi, jua mchana, mvua hakuna. Asubuhi ile jua lilitoka kweli, jeupe, halina nguvu. Nikaugeuza udaga wote kwa mikono, nikakaa pembeni ya mwamba nimejifunika shuka. Wifi alikuwa chini yangu kidogo, anachambua dagaa na wanawake wengine wawili.

Kabla ya mchana nikaona kitu cheusi ziwani, mbali, kimesimama.

Mtu wa mbali hawezi kujua, lakini ziwa letu lina wadudu wadogo, wadogo kuliko mbu, hawaumi. Siku nyingine wanatoka majini pamoja, wanapanda juu kama moshi wa nyumba inayoungua, moshi mrefu unaoyumba. Mgeni anasema wingu hilo, anaanua nguo zake. Watu wa Kiriba wanamcheka. Wadudu hawaleti mvua. Wakija upande wako unafunga mlango na kufunika chungu, yamekwisha. Mimi mwenyewe nilivyofika pale nikiwa bibi harusi nilishawahi kuanua mahindi kwa sababu ya wadudu, na hicho kicheko nilikisikia mpaka nilipojifungua mtoto wa kwanza.

Mwanamke mmoja akasema, "Mbona kule kweusi?"

Wifi hakuinua hata kichwa sawasawa. "Wadudu hao."

"Wengi hivyo?"

"Juzi hawakupanda? Wadudu. Mwezi wa sita utapata wapi mvua? Uliza redio." Kisha akaniita, "Wifi! Mtu wa milimani! Usije ukaanua."

Wakacheka wote. Nami nikakitazama, na kweli niliona wadudu. Nimeishi pale miaka yote hiyo, macho yangu yalishakuwa ya Kiriba. Kitu kimesimama, cheusi, kinayumba kidogo. Wadudu.

Kikaongezeka. Kilikuwa kinapanuka upande wa juu kuliko upande wa chini. Nilikiona kinavyojikunja, sehemu nyeupe inatoka ndani ya nyeusi, inapanda, inavimba, nyingine inatoka chini yake na kuisukuma. Nilikuwa naangalia tu. Nilifikiri mambo ya binti yangu, mvuke, baridi ya juu, vitone. Nilifikiri kule juu pana bati gani. Kisha jua likaondoka kwenye udaga wangu. Nikaliona likiondoka, kivuli kilipita juu ya mwamba toka upande ule mpaka huu, kikanifunika na miguu. Upepo ukaja, una harufu ya maji. Nilijua sasa. Nilijua vizuri kabisa kwamba hiyo ni mvua na kwamba inabidi ninyanyuke. Nikakaa.

Aliyepiga kelele ni mwenzangu, toka mlangoni kwake.

"Nyie! Mko vipofu? Mdudu yuko wapi? Mmemuona mdudu hata mmoja kwenye nguo?"

Hapo wifi akainuka. Kweli, hapakuwa na mdudu hata mmoja. Wadudu wakikaribia hivyo wanakuwa wameshakuingia puani. Dagaa zikamwagika. Mwenzangu alikuja mbio na viroba viwili na beseni, mwanamke mnene, kanga imemtoka, akapanda mwamba wa juu kwa magoti na mikono.

"Dada! Nyanyuka! Dada!"

Nilinyanyuka. Nilichota kwa mikono, nikatia kwenye beseni, lakini polepole, kama mtu anayechota kitu cha jirani. Wao walikuwa wanazoa kwa shuka, kwa kanga, kwa chochote. Mvua ilitukuta hatujafika nusu. Mwezi wa sita, mvua yenye matone makubwa, ya baridi mpaka unasikia kichwani. Ilinyesha kidogo tu, sufuria isingechemka. Ikapita kuelekea Butiama. Maji meupe yalikuwa yanashuka toka kwenye mwamba, meupe kama maziwa, ule ndio unga wangu.

Wifi alisimama akilowa, mikono imeshikana kichwani. "Nilisema wadudu," alisema. "Mimi. Nimezaliwa hapa." Akarudia tena, hamwambii mtu.

Baada ya hapo jua halikutoka vizuri. Asubuhi mawingu, mchana mawingu, ziwa rangi ya jivu. Redio ikasema kuna mawingu kiasi. Ule udaga tuliouokoa ulikuwa umelowa nao, tukautandaza ndani kwenye mikeka, ukaota weusi, kisha kijani, ukanuka. Binti yangu aliutoa nje na kuumwaga kule ng'ombe hawafiki. Siku ya kumaliza msiba ilikuwa imeshatangazwa kanisani, haiwezi kusogezwa. Kijana wangu akapiga simu, akasema atakuja na gari.

"Nikija nalo, tutarudi wote, mama."

"Sawa," nikasema.

Jioni mwenzangu akaingia kwangu. Wanawake wengine walikuwa nje wanapika. Alikuwa amebeba kiroba kifuani kama mtoto, akakiweka chini miguuni kwangu. Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, jambo ambalo hajalifanya katika maisha yetu.

"Chukua."

"Hauchanganywi," nikasema.

"Sijakuambia uchanganye. Ni wako huo. Wa kwangu umebaki kule."

"Wifi atajua."

"Ajue. Si ndiye aliyesema wadudu?" Akafunga kanga yake, akafungua, akafunga. "Na usinishukuru. Wewe ukienda Kigera kukaa na bomba lako, mimi hapa nitagombana na nani? Na kuku?"

Nilitaka kucheka. Nilijua mahali ambapo kicheko kinapaswa kutokea. Nikasema, "Kuku watakushinda."

"Ndiyo hapo sasa," akasema, akaondoka.

Siku yenyewe watu walikuja wengi, wa ukoo, wa kanisani, na ndugu zangu toka Butiama wamevaa makoti mazito. Kijana wangu alifika asubuhi na gari la rafiki yake. Kabla hata hajala, aliingia chumbani, akakusanya blanketi langu na nguo zangu kwenye begi la zipu, akalipeleka kwenye gari. Nilimwona. Sikumkataza wala sikumwambia asante.

Niliupika ule ugali mwenyewe. Udaga wa mwenzangu ni mweupe kuliko wangu, anaukwangua sana, na kila mtu pale anaujua. Nilivyouleta nje mbele ya wifi, kwenye sinia, na bakuli la mchuzi wa samaki furu pembeni, hata kipofu angejua unga umetoka mwamba gani.  Mwenzangu alikuwa ameshaleta wa kwake, umeshamegwa. Sinia mbili, ugali mmoja.

Wifi akautazama. Akanawa tena mikono, ingawa ilikuwa safi.

"Wifi, huu umeanikwa mwamba gani?"

Mwenzangu akadakia, "Wa nyumba hii. Marehemu alikuwa na miamba miwili."

"Sijakuuliza wewe, mke mdogo."

Kijana wangu alikuwa amesimama karibu na gari, mkono juu ya mlango. Ndugu zangu wa Butiama walikuwa wananiangalia. Nilijua nikisema uongo, wifi ataumega, kwa sababu naye alitaka kuumega, nilimwona usoni. Alikuwa anangoja tu nimpe neno la kushika. Lakini sikuwa na nguvu ya kutengeneza neno. Nilisema lililokuwepo.

"Wa chini. Wa kwake. Wa kwangu ulilowa ukaoza, mnajua wote. Kama ni kuniondoa niondoeni, lakini kwanza mkamate ugali, unapoa na watu wana njaa."

Mzee mmoja nyuma akacheka, puu, kama mtu aliyekabwa na maji. Mwingine akacheka. Wifi akawakata jicho, kisha mdomo wake mwenyewe ukaanza kutetemeka. Ndipo akaanza kulia. Hakuwa amelia vile hata siku ya kuzika. Alilia huku mkono umenyooshwa juu ya sinia.

"Nilisema wadudu," aliwaambia watu wote. "Mjane alikuwa amekaa pale na udaga wake, nikamwambia asianue. Mimi ndiye niliyemwambia. Sasa nimuulize nini?"

Akaumega. Tonge kubwa, akalichovya kwenye mchuzi, akala lote akilia, akasema na mdomo umejaa, "Umeiva. Leteni watoto wale."

Ikawa imekwisha. Hakuna aliyesema nimebaki. Watu walinawa wakala, wakaomba maji, wakagombania vichwa vya samaki. Wakwe wa Bunda wakaanza kuulizana habari za pamba. Mwenzangu alipita nyuma yangu amebeba masufuria, akasema bila kusimama, "Umeuharakisha mno, una mabonge," akaenda zake.

Mchana ulipopoa kijana wangu alikuja kunikalia pembeni.

"Kwa hiyo?" akasema.

"Si umeona."

"Nimeona. Nakuuliza wewe, mama. Wao wameshamaliza."

Nilimtazama. Ana uso wa baba yake upande wa paji. Nilitafuta ndani yangu kama kuna mahali panapotaka bomba, au panapotaka mwamba, sikupata. Kulikuwa na uchovu tu, na uchovu ule ulikuwa unataka kitanda kilekile, ukuta uleule.

"Begi langu," nikasema.

 Akaenda kwenye gari, akalitoa begi, akaliingiza ndani. Nikamsikia anafungua zipu, anatandika blanketi, analivuta pembe hii na pembe ile kama alivyofundishwa utotoni. Akatoka, akasema baridi inaingia, nisikae nje sana. Nikamwambia sawa. Gari liligoma kuwaka mara ya kwanza, wakalisukuma yeye na shemeji zangu mpaka penye mteremko, likawaka. Nilikaa nikilisikia linavyopanda kuelekea barabara kubwa, mpaka likawa halisikiki. Nikaingia ndani, nikalala juu ya blanketi bila kulifunua.